Mchapaji si mchapishaji: maneno ya kujua kabla ya kutoa kitabu chako

Wasikilizaji wetu wengi wana mswada kwenye daftari au ndani ya simu: mashairi, historia ya ukoo, mafunzo ya kufuga kuku. Anayetaka kuutoa kwa fedha zake hukutana na maneno ambayo asipoyaelewa yatamgharimu.

Tuanze na mawili yanayochanganywa kila siku. Mchapaji ni mwenye mtambo. Unampa kazi, unamlipa, anakupa nakala. Kosa lililokuwa kwenye mswada wako atalichapa kama lilivyo. Mchapishaji ndiye anayekibeba kitabu: humlipa mhariri, hugharimia jalada na uchapaji, hukisambaza, na kisiponunuliwa hasara ni yake. Ukijichapishia, mchapishaji ni wewe. Basi mtu akijiita mchapishaji halafu akataka ulipie kila kitu, muulize yeye anabeba nini.

ISBN ni namba ya kukitambulisha kitabu duniani. Tangu 2007 ina tarakimu 13. Zamani zilikuwa 10. Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kitabu cha karatasi na kile cha kusomea kwenye simu kila kimoja huwa na namba yake. Lakini namba hiyo haikupi umiliki wowote.

Umiliki ni hakimiliki, nayo huanza pale tu unapoandika kazi yako mwenyewe. Kwa sheria za Tanzania na Kenya hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo ni urithi wa watoto kama shamba. Kusajili COSOTA, au KECOBO kwa walioko Kenya, kunasaidia kupata ushahidi mkigombana. Soma mkataba polepole: kutoa leseni ni kama kukodisha shamba, kuhamisha hakimiliki ni kuliuza. Mrabaha nao ni fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa na mchapishaji mwingine. Anayejichapishia hali mrabaha, anakula faida, kama ipo.

Kama ipo, kwa sababu maduka mengi hupokea vitabu kwa mali kauli, yaani unalipwa vikishauzwa. Tuseme umechapa nakala 200 kwa shilingi 800,000, na usafiri ni 40,000. Kila nakala imekugharimu 4,200. Ukiweka bei ya 6,000 na duka likachukua asilimia 30, linabaki na 1,800, wewe unapata 4,200 ileile. Hujapata hata senti, na mhariri bado anadai.

Kwa hiyo panga bei baada ya kujua fungu la duka. Na ukiacha mzigo, dai karatasi yenye idadi ya nakala, bei, tarehe ya malipo na sahihi ya mwenye duka.