Mshauri wako naye anasimamiwa na nani?

WATU wengi wanaokwenda kumwona mshauri nasaha huwa na maswali mawili moyoni: atanitoza pesa ngapi, na je, siri yangu itatoka nje? Ni wachache mno wanaofikiria swali la tatu, nalo huenda likawa na uzito kuliko hayo mawili. Yeye mwenyewe anasimamiwa na nani?

Swali hilo linakuhusu wewe msomaji, uwe upande wowote wa meza. Ikiwa umehitimu juzi na umepata kazi ya kwanza katika shule, zahanati, kanisa au shirika huku ukisubiri kusajiliwa kikamilifu, usalama wako umo humu. Ikiwa u mteja, au mzazi anayempeleka mwanawe akashauriwe, usalama wa mtoto huyo umo humu pia.

Tuchukue mfano. Mshauri chipukizi, miezi minne tangu ahitimu, ameajiriwa katika shule ya upili ya bweni. Jumatatu asubuhi msichana wa kidato cha pili anabisha mlango. Anazungumza juu ya kuanguka hesabu, anarudia yale yale mara tatu, na kengele ikikaribia kulia anasema kwamba Jumamosi jioni, alipokuwa nyumbani kwa likizo fupi, mjomba wake alimwingilia kwa nguvu. Kisha anasihi: "Mwalimu, tafadhali usimwambie mtu. Ulituambia mambo ya humu ni siri."

Mshauri huyu alifunzwa usiri, akautahiniwa na akapita. Anampa msichana kitambaa cha kupangusa machozi na kumwambia arudi Alhamisi. Usiku huo hapati usingizi.

Hebu tuhesabu saa. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi kwa mtu aliyebakwa zinapaswa kuanza kumezwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Kwa msichana wetu saa hizo zinakwisha Jumanne jioni. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vina kikomo cha saa 120, na hupungua nguvu kadiri mtu anavyochelewa. Kufikia hiyo Alhamisi, ushahidi ambao daktari angeuona na kuuandika utakuwa umefifia. Zaidi ya hayo, huyu ni mtoto, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 pamoja na Sheria ya Watoto ya 2022 zipo kwa ajili yake. Usiri wa mshauri una mipaka, na mpaka wa kwanza ni pale maisha ya mtu au usalama wa mtoto unapokuwa hatarini.

Usidhani kwamba chipukizi wetu hakuyasoma haya. Aliyasoma. Lakini kuyajua darasani ni jambo moja, na kuyatenda huku mtoto analia mbele yako akikusihi unyamaze ni jambo jingine kabisa.

Kama angekuwa na msimamizi wa kumpigia simu Jumatatu saa sita mchana, mazungumzo yangechukua dakika kumi. Msimamizi mwema hamkaripii. Anauliza: Msichana yuko wapi sasa hivi? Lilitokea lini hasa? Nani atamsindikiza hospitalini leo, na nani atazungumza na mwalimu mkuu? Na utamwambia nini mtoto mwenyewe, ili asione kwamba umemsaliti? Swali hilo la mwisho halina jibu vitabuni. Linajibiwa na mtu aliyewahi kukaa katika kiti hicho hicho.

Msimamizi si nyapara

Neno msimamizi limetuharibia mambo kidogo, kwa kuwa masikioni mwa wengi linaleta picha ya nyapara shambani. Katika mashirika mengi mkubwa wa kitengo hukagua daftari, huhesabu wateja waliohudumiwa kwa mwezi na huuliza kwa nini ulichelewa. Huo ni usimamizi wa ofisi na una haja yake. Usimamizi tunaouzungumzia hapa ni wa kitaalamu, na shina lake ni mteja ambaye hayumo chumbani.

Desturi yenyewe si ya jana. Mnamo 1920, wafuasi wa Sigmund Freud walipofungua kliniki yao mjini Berlin, walianza kuwafunza wanagenzi wao kwa utaratibu ambao mgeni katika kazi hakuachiwa mgonjwa peke yake, bali alikuwa na mkongwe wa kujadiliana naye kila hatua. Katika miaka ya 1980 Mwingereza Brigid Proctor aliieleza kazi ya msimamizi kwa sehemu tatu ambazo hadi leo hutajwa kila mahali: kumfunza mshauri, kulinda viwango vya kazi ili mteja asidhurike, na kumrudishia mshauri nguvu.

Sehemu hiyo ya tatu ndiyo hudharauliwa hapa kwetu. Tumelelewa kuamini kwamba mtu anayewasaidia wengine hana haki ya kuchoka. Mhudumu anayesikiliza habari za vifo, ubakaji na njaa kutwa nzima, siku tano kwa juma, huanza kuyabeba yasiyo yake. Utamjua. Anaota ndoto za wateja. Anawakemea watoto wake kwa makosa madogo. Anaanza kuwapa wateja pesa za nauli kutoka mfukoni mwake, anawapa nambari ya simu wampigie hata usiku wa manane, au kinyume chake, anakuwa mkavu kama mti na kutazama saa kila dakika. Mwenyewe huwa wa mwisho kutambua, maana kinyozi hajinyoi.

Saa moja ndani ya chumba

Je, hufanyika nini hasa? Kwa kawaida ni saa moja. Mshauri huleta mteja mmoja au wawili, bila majina yao. Anaeleza mteja alisema nini, yeye alijibu nini, na alijisikiaje. Hapo kwenye hisia ndipo wengi hukwama. Chipukizi hupenda kuleta kesi iliyonyooka ili asifiwe, na ile inayomnyima usingizi akaiacha kabatini. Ikiwa umeanza juzi, chukua shauri hili: lete kwanza kesi ambayo unatamani msimamizi asiulize habari zake.

Kuna jambo moja la ajabu ambalo wasimamizi wazoefu hulijua. Daktari wa Kimarekani Harold Searles aliliandikia mwaka wa 1955. Aligundua kwamba mwanafunzi anapoeleza habari za mgonjwa wake, mara nyingine huanza kutenda kama mgonjwa yule bila kujijua. Ameketi na mwanamke aliyekata tamaa, asiyejibu maswali. Akifika kwa msimamizi naye anainamisha kichwa, anajibu kwa neno moja na kusema hakuna linalowezekana. Msimamizi anayelitambua hilo humuuliza kwa upole: "Uzito huu ni wako au umekuja nao?" Mara nyingi kesi iliyokuwa imekwama hufunguka hapo.

Mengine ni ya vitendo. Chipukizi wengi huogopa kumuuliza mteja waziwazi kama anafikiria kujiua, wakidhani watampandikizia wazo hilo. Sivyo. Kuuliza waziwazi hakumsukumi mtu kujiua. Wengi huona afueni kwamba hatimaye yupo aliyethubutu kuuliza. Lakini swali hilo halitamkiki kwa urahisi mara ya kwanza. Hujaribiwa kwanza kwa msimamizi, yeye akijifanya mteja, hadi ulimi uzoee. Kisha mnapanga linalofuata: nani atakaa na mtu huyo usiku wa leo, na je, dawa za kunyunyizia mimea zilizomo nyumbani zitafungiwa wapi? Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka katiba. Mshauri asiyekuwa na mtu wa kumkumbusha mabadiliko kama haya anaweza bado kumtisha mteja wake kwa habari za polisi.

Kanda za sauti husaidia sana, kwa sababu kumbukumbu ya mtu hujipendelea. Hata hivyo hurekodi mpaka mteja akubali, tena kwa maandishi, akijua nani atasikiliza na kanda itafutwa lini. Habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile ambazo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazipa ulinzi wa pekee. Kuandika jina kamili la mteja katika ujumbe wa simu kwa msimamizi, kama wafanyavyo baadhi, ni hatari tupu.

Tulikotoka

Kenya ilijifunza mambo haya kwa machungu. Bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mnamo Agosti 7, 1998, watu zaidi ya 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Waliojitokeza kuwafariji manusura na jamaa za marehemu walikuwa wengi wenye moyo, lakini mafunzo yao yalitofautiana mno. Mwaka wa 2001 viboko vilipigwa marufuku shuleni, na mwalimu akatarajiwa kuongoza kwa maneno mahali pa fimbo, akiwa na vipindi vyake vyote kama zamani. Karibu na wakati huo huo vituo vya VCT vikaanza kuenea nchini. Wahudumu wengi waliofunzwa kwa majuma machache tu wakajikuta wakiwapa watu majibu ya virusi siku baada ya siku. Ilionekana mapema kwamba bila vikao vya mara kwa mara na wasimamizi, wahudumu wale wangeishiwa nguvu.

Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ilipitishwa mwaka wa 2014, ikaunda Bodi ya kusajili na kutoa leseni. Masharti ya usajili yaulize kwa Bodi yenyewe, wala usitegemee uvumi wa wanafunzi wenzako. Kwa kulinganisha tu, katika jimbo la Texas nchini Marekani aliyehitimu hufanya kazi chini ya msimamizi kwa saa 3,000 kabla ya leseni kamili, na nusu ya saa hizo ni ana kwa ana na wateja. Uingereza chama cha BACP huwataka wanachama wake wenye ithibati yake wasimamiwe angalau saa moja na nusu kila mwezi, hata kama wana miaka thelathini kazini. Kwa maoni yangu hilo la Uingereza ndilo la kuigwa zaidi, kwani halimchukulii msimamizi kama ngazi ya kupandia leseni kisha ikatupwa.

Pesa na umbali

Najua utasema nini. Mshahara wa kwanza ni mdogo, na msimamizi hulipwa. Aliye Nairobi atampata msimamizi kwa matatu moja. Aliye Marsabit au Lamu atafanyaje? Njia zipo. Washauri wanne au watano wanaweza kumlipa msimamizi mmoja kwa pamoja na kukutana naye kama kikundi, jambo ambalo lina faida yake, kwani utasikia makosa ya wenzako kabla hujayafanya. Vikao vya simu au vya video navyo vinafaa, mradi mlango umefungwa na hakuna mtu wa nyumbani anayesikiliza. Unapoajiriwa, uliza kabla ya kutia sahihi kama mwajiri atalipia usimamizi. Shirika linaloomba fedha za ushauri nasaha kutoka kwa wafadhili lisikose kuliweka hilo katika bajeti.

Kuna mtego mmoja. Mwajiri anaweza kukuambia kwamba mkubwa wako wa kazi ndiye atakayekusimamia pia kitaalamu. Mtu anayeamua kama mkataba wako utaendelezwa si rahisi kumweleza kwamba jana ulisinzia mteja akizungumza. Ukiweza, tafuta mwingine. Hata msimamizi wa nje ana kalamu mkononi, kwa sababu ndiye atakayetia sahihi kwamba umetimiza saa zako. Afadhali mwandikiane mapema: mtakutana mara ngapi, malipo ni kiasi gani, dharura itashughulikiwa vipi, na ni mambo gani atakayolazimika kuyaripoti.

Saa zako ziandike kila juma na zitiwe sahihi kila mwezi. Wapo waliongoja hadi mwisho, wakaja kupata kwamba msimamizi amehamia ng'ambo au ameaga dunia, na miaka miwili ya kazi ikakosa shahidi. Ikiwa msimamizi wako husimulia habari zake mwenyewe muda wote, hukutaka umfanyie kazi za nyumbani, au anakutongoza, huyo mwache na uripoti. Anayekusimamia naye anapaswa kuwa na msimamizi wake, muulize.

Nawe mteja, unaruhusiwa kuuliza siku ya kwanza kabisa. Mshauri anayejua kazi yake hatakasirika. Atakuambia kwamba yupo mtu ambaye hujadiliana naye kazi yake, kwamba jina lako halitatajwa, na kwamba mtu huyo amefungwa na usiri ule ule. Ikiwa bado yuko chini ya mafunzo, atakuambia hivyo pia. Na kama mtoto wako amedhulumiwa leo, usingoje miadi ya mtu yeyote: nenda hospitali ya karibu kwanza, na simu za bure ni 116 kwa watoto na 1195 kwa dhuluma za kijinsia.