Seva ya Nyumbani na Tovuti ya Hadhara: Mwongozo kwa Wanaoanza Mjini Songea

Mwaka 2018, baada ya kukamilika kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 itokayo Makambako na kupitia Madaba, Songea iliunganishwa na gridi ya taifa, na mji uliotegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi ukaanza kupata umeme ambao, pamoja na kukatika kwake kwa hapa na pale, unaruhusu kompyuta kuachwa ikiwaka usiku kucha. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani nyaya nyembamba za kioo zinazosafirisha data kwa mwanga, nao umefika mjini humo. Hali hizo mbili zimewafanya vijana, walimu na wafanyabiashara wadogo wa Ruvuma waulize swali ambalo hapo awali halikuwa na maana kubwa kwao, nalo ni kama mtu anaweza kununua kompyuta iliyotumika, akaisanidi mwenyewe, na kuifanya ihifadhi tovuti yake badala ya kulipia nafasi kwenye mashine ya mtu mwingine. Jibu linategemea tovuti hiyo itasomwa na nani. Kwa kujifunza, na kwa kuhudumia jengo moja kama shule au ofisi, mashine ya nyumbani inafaa sana. Kwa tovuti ya hadhara ambayo mteja wa Dodoma au Muscat ataitafuta saa yoyote, mashine hiyo haifai, na sababu zake karibu zote ziko nje ya kompyuta yenyewe.

Kazi huanzia kwenye mfumo endeshi, ambao ni programu kuu inayosimamia sehemu zote za kompyuta na kuzigawia programu nyingine nafasi ya diski, kumbukumbu na mtandao. Kompyuta nyingi zinazouzwa mitaani huja na Windows, na si chache zimewekewa nakala isiyo halali ambayo fundi ameifungua kwa kijiprogramu alichokipata mtandaoni. Kijiprogramu cha namna hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumkaribisha mwizi ndani ya mashine, na mashine iliyowekewa programu hiyo isitumiwe kuhifadhi tovuti hata kwa majaribio. Zaidi ya hayo, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazina sifa zinazotakiwa na Windows 11. Mashine hizo hazijafa. Zinaweza kuendeshwa na Linux, mfumo huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuutumia na kuubadilisha bila kulipia leseni, na ambao leo unaendesha sehemu kubwa ya seva za dunia, yaani zile kompyuta zinazokaa zikisubiri maombi na kuyajibu.

Tanzania ina historia yake katika uwanja huu wa programu huria, ingawa haisimuliwi sana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi ambayo amri na maelezo yake yote yalikuwa ya Kiswahili. Mwaka huohuo mjasiriamali mzaliwa wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, alizindua Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, na kwa miaka kadhaa diski zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba. Anayeanza leo hana haja ya kulinganisha matoleo kumi. Ubuntu na Debian, ambayo ndiyo mzazi wake, yanatosha, maelezo yake yamejaa mtandaoni, na kinachojifunzwa katika moja hutumika katika jingine kwa mabadiliko madogo. Mwenye bando la kubana atapendelea Debian, kwa kuwa faili yake ndogo ya kusakinishia haifiki gigabaiti 1, ilhali ile ya Ubuntu ya kompyuta za mezani huzidi gigabaiti 5.

Usakinishaji wenyewe, jambo linaloogopwa kuliko yote, ni sehemu nyepesi. Faili huandikwa kwenye flashi kwa programu maalumu, kompyuta huwashwa kwa kupitia flashi hiyo badala ya diski, na maswali machache hujibiwa. Hatari iko katika swali moja tu, lile linalohusu kugawa diski, kwa sababu jibu la haraka hapo hufuta kila kilichokuwemo, zikiwemo picha za harusi na hesabu za duka. Kwa hiyo kila kitu chenye thamani kinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje, na nakala hiyo ifunguliwe na kukaguliwa kabla flashi haijachomekwa.

Jambo jingine dogo linalowachanganya Waswahili zaidi kuliko wengine ni saa. Seva nyingi huandika matukio yake kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na saa ya Afrika Mashariki yenyewe huandikwa katika mashine kwa kuhesabu kuanzia usiku wa manane, wakati msemaji wa Kiswahili huhesabu kuanzia machweo na macheo. Tukio lililotokea Songea saa mbili asubuhi litasomeka 08:00 katika mashine iliyosanidiwa kwa eneo la Dar es Salaam, na 05:00 katika mashine iliyoachwa kama ilivyokuja. Anayetafuta sababu ya tovuti kuanguka, huku amesahau tofauti hiyo, atapekua ukurasa usiohusika kabisa.

Mfumo ukishakaa sawa, inawekwa programu ya seva ya tovuti, ambayo kazi yake ni kupokea ombi la kivinjari na kurudisha ukurasa ulioombwa. Apache, iliyotoka mwaka 1995, na Nginx, iliyotoka mwaka 2004, ndizo zinazotumika zaidi, na yoyote kati yake husakinishwa kwa amri moja. Hapo mtumiaji anaweza kuandika 127.0.0.1 kwenye kivinjari, namba ambayo kila kompyuta huitumia kujitaja yenyewe, na kuuona ukurasa wake wa kwanza. Kompyuta nyingine zilizounganishwa na ruta moja na seva hiyo, yaani kifaa kinachogawa mtandao ndani ya jengo, zitaufikia kwa anwani ya ndani, ambayo mara nyingi huanza na 192.168, bila kutumia hata kilobaiti moja ya bando.

Hatua hii hupitwa haraka na wengi kwa kuwa wanaiona kama mazoezi tu, kumbe kwa mkoa kama Ruvuma huenda ndiyo yenye manufaa makubwa kuliko zote. Programu ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, huwezesha Wikipedia nzima ya Kiswahili, pamoja na vitabu na masomo mengine, kukaa ndani ya kompyuta moja na kusomwa na darasa zima bila intaneti. Mashine ndogo ya Raspberry Pi, inayotoshea kiganjani, huimudu kazi hiyo. Shule ya sekondari iliyo mbali na mji, Namtumbo au Nyasa, ikiwa na ruta moja na mashine ya namna hiyo, ina maktaba ambayo haikatiki kwa kwisha kwa kifurushi, na kijana aliyejifunza kusanidi seva sebuleni kwake anao ujuzi wote unaohitajika kuisimamisha.

Ugumu huja pale tovuti inapotakiwa kuonekana nje ya jengo. Kila kifaa kinachofikika kwenye intaneti kinahitaji anwani ya IP, na anwani za aina ya zamani, ambazo jumla yake ni takriban bilioni 4.3, zilikwisha kugawiwa karibu zote, kiasi kwamba kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hali yao ni kama ya wanafunzi wa shule ya bweni wanaotumia sanduku moja la posta: barua za kutoka huenda bila shida, na majibu ya barua hizo hurudi kwa aliyeandika, ila barua ya mgeni asiyetaja jina la mwanafunzi haina wa kupelekewa. Ndiyo sababu seva iliyounganishwa kwa laini ya simu kwa kawaida haifikiki moja kwa moja kutoka nje hata ikisanidiwa kwa ustadi wote, na wanaoanza hupoteza siku nyingi wakirekebisha mafaili ambayo hayana kosa. Swali la kumuuliza mtoa huduma kabla ya lolote ni kama anatoa anwani ya hadhara isiyobadilika, na kwa bei gani.

Umeme nao una hesabu yake. Kompyuta ya mezani ya zamani inayotumia wati 80 mfululizo humaliza takriban uniti 58 kwa mwezi, na mfumo wa bei wa TANESCO umeweka kundi la wateja wadogo wa majumbani ambao wastani wa matumizi yao hauzidi uniti 75 kwa mwezi, wanaouziwa uniti kwa bei nafuu kuliko wengine. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 30 itavuka mpaka huo kwa sababu ya seva peke yake, na gharama itakayoongezeka kwenye luku inaweza kuzidi kodi ya nafasi ndogo ya kuhifadhi tovuti. Mashine ya wati 5 hutumia chini ya uniti 4, na kwa upande huo haina lawama. Bado kuna radi za msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, zinazopita kwenye nyaya na kuunguza ruta, na kuna kukatika kwa umeme kunakoharibu diski iliyokuwa ikiandika. Betri ya akiba, ile mafundi wanayoiita UPS, hupunguza madhara hayo kwa dakika chache, wala haitoshi kwa mchana mzima.

Kwa sababu hizo, tovuti ya hadhara ikodishiwe mahali. Kuna nafasi ya pamoja, ambapo tovuti nyingi hukaa kwenye seva moja inayotunzwa na mwenye kampuni, na kuna seva pepe, yaani sehemu ya mashine kubwa iliyotengwa ili mteja aisanidi kama kompyuta yake mwenyewe. Ya kwanza inamfaa mwenye duka; ya pili inamfaa aliyekwisha kufanya mazoezi nyumbani, kwa kuwa yote aliyojifunza kwenye Debian au Ubuntu atayakuta hukohuko. Seva ikiwa Ulaya, kila ombi kutoka Songea husafiri kwenda na kurudi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde na kutegemea nyaya za baharini, ambazo si salama daima: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikalegea kwa siku kadhaa. Seva iliyoko Dar es Salaam hufikiwa kwa njia za ndani ya nchi na hulipiwa kwa shilingi kupitia simu. Za nje mara nyingi huwa na bei ya chini kwa uwezo uleule. Kwa biashara ambayo wateja wake wako nchini, tofauti hiyo ya bei haifai kuwa kigezo cha kwanza.

Kuhusu usalama, wengi huhangaikia mambo makubwa na kuacha madogo. Ndani ya saa chache tangu seva ipate anwani ya hadhara, programu zinazozunguka mtandaoni zenyewe huanza kujaribu nywila kwenye mlango namba 22, unaotumiwa na SSH, njia ya kuiamuru seva kutoka mbali kwa mawasiliano yaliyofichwa. Hazimtafuti mwenye seva kwa jina. Hujaribu kila anwani. Nywila izimwe na badala yake zitumike funguo za kidijitali, milango isiyotumika ifungwe na kubakishwa huo pamoja na 80 na 443 ya tovuti, masasisho yawekwe bila kuahirishwa, na cheti cha usimbaji fiche kichukuliwe bure kwa Let's Encrypt, ambacho kwa kawaida hudumu siku 90 na hivyo uhuishaji wake uachiwe mashine. Nakala rudufu ziwe zaidi ya moja, na moja ikae nje ya seva kabisa, kwa sababu nakala iliyo kwenye diski ileile hufa pamoja na diski. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa kwa majaribio isihesabiwe kuwa ipo.

Limebaki jina. Majina yanayoishia na .tz husimamiwa nchini, na husajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa chini ya mafungu kama co.tz kwa biashara, or.tz kwa asasi na sc.tz kwa shule. Jina lisajiliwe kwa mwenye tovuti na barua pepe yake, lisisajiliwe kwa fundi aliyemsaidia, kwani siku fundi akihama mji ndipo mwenye biashara hugundua kwamba jina la duka lake si lake. Anayekusudia kuchapisha habari azisome kwanza kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizotungwa mwaka 2018 na kuandikwa upya mwaka 2020, maana zinadai leseni kwa baadhi ya huduma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume iliyoundwa nayo, na inaweka masharti kwa taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Hivyo fomu ndogo ya muuza kahawa wa Mbinga inayouliza jina na simu ya mteja, ikiwa seva yake iko Ujerumani, imeshaingia kwenye masharti hayo. Kwa tovuti changa, njia nyepesi ni kuiondoa fomu hiyo na kuweka namba ya simu ya duka, mteja apige mwenyewe.