Mwanao Anapoomba Kujiunga na Jumuiya ya Wanafunzi

  

Ndugu wasomaji, Ijumaa moja tulikuwa Amani, kule juu katika milima ya Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza. Baada ya swala, watu wakitafuta viatu vyao na ukungu ukianza kushuka juu ya mashamba ya chai, mzee mmoja alitushika mkono akatuvuta pembeni. Ni mkulima wa iliki, mtu mpole asiye na maneno mengi. Mwanawe ndiye wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo kikuu, na wakati huo alikuwa na wiki sita tu za mwaka wa kwanza huko Dar es Salaam. Mzee alitupa simu yake tusome ujumbe wa kijana: "Shikamoo baba. Wamenikataa. Naona hapa si mahali pa watu kama sisi."

"Sheikh," akasema mzee, "nimemwambia aachane nao kabisa. Asome, amalize, arudi nyumbani. Je, nimekosea?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba ruhusa tuzungumze kwanza na kijana mwenyewe. Baada ya mazungumzo hayo tuliona kwamba jambo hili si la nyumba moja. Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, vijana wetu hukutana na meza zenye fomu za jumuiya, vyama na vikundi, na wazazi nyumbani hawajui waseme nini. Ndiyo maana leo tumeona tulizungumze.

Yaliyomkuta kijana

Katika siku za kuwapokea wanafunzi wapya, jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu chuoni kwake iliweka meza yake karibu na msikiti. Kuwa mwanachama kulikuwa rahisi: unaandika jina, unatoa ada ndogo, unakaribishwa. Lakini kijana hakutosheka na hilo. Alitaka kuingia katika kamati ya elimu, ile inayopanga darsa na kuwasaidia wanafunzi dhaifu katika masomo yao. Kamati hiyo ilikuwa na fomu yake na usaili wake.

Alijaza fomu kwa bidii. Aliandika kwamba alikuwa kiranja mkuu sekondari, kwamba aliongoza wanafunzi wa madrasa yao, na kwamba amehifadhi juzuu kadhaa. Siku ya usaili alikaa mbele ya wanafunzi watano waliomtangulia. Wakamuuliza ratiba yake ya vipindi ikoje, na ni siku zipi ana nafasi. Hakuwa na jibu. Wakamuuliza ni kitu gani cha watu amewahi kukitunza mpaka akakirudisha salama. Yeye akasimulia vyeo vyake. Mwisho wakamuuliza: "Tusipokupa nafasi katika kamati, utaendelea kuja kwenye darsa?" Akanyamaza.

Majina yalipotoka, lake halikuwemo. Tangu siku hiyo hakuhudhuria darsa. Akaacha na kuswali jamaa pale chuoni, akawa anaswali peke yake chumbani. Alituambia kwamba aliona haya kukutana na wale watano mlangoni mwa msikiti. Alidhani pia kwamba walimcheka kwa lafudhi yake ya Kisambaa. Tulipomuuliza kama yupo aliyecheka, alifikiri kidogo akasema hapana.

Wazazi wenzetu, hapo ndipo penye hatari. Kukosa nafasi katika kamati si msiba. Msiba ni kijana wa miaka ishirini, aliye mbali na nyumbani, kubaki peke yake kwa sababu ya haya. Na baba yake, kwa mapenzi yake, akamwambia kwamba upweke huo ndio salama yake.

Kujiunga na watu wa kheri

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, akiwa na umri wa takriban miaka ishirini kwa kauli ya wengi, alishiriki katika mapatano yaliyoitwa Hilful Fudhul. Mfanyabiashara kutoka Yemen alikuwa amedhulumiwa bei ya bidhaa zake na mmoja wa wakubwa wa Makka. Baadhi ya koo za Kikureshi zikakutana katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, zikaahidiana kusimama na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Miaka mingi baadaye, Uislamu ukiwa umekuja, Mtume (s.a.w.) aliyakumbuka mapatano hayo kwa fahari na akaeleza kwamba lau angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitika.

Tunajifunza kwamba kijana kutafuta kundi la kheri si utovu wa adabu wala si kupoteza muda. Waliokutana pale hawakuwa na cheo cha kugawana. Kilichowakutanisha ni haki ya mtu mmoja iliyopotea.

Kuomba dhamana ni jambo jingine

Lakini kuna tofauti kati ya kuomba kuwa miongoni mwa watu na kuomba kukabidhiwa jambo lao. Katika hadithi sahihi, Mtume (s.a.w.) alimnasihi Abdur-Rahman bin Samura asiombe uongozi, kwa kuwa anayepewa kwa kuomba huachiwa mzigo wake, na anayepewa bila kuomba husaidiwa. Abu Dharr naye, pamoja na ucha Mungu wake wote, alipoomba kazi aliambiwa kwa upole kwamba yeye ni dhaifu na jambo hilo ni amana. Abu Dharr hakuwahama Waislamu kwa kukataliwa. Alibaki sahaba mtukufu mpaka alipofariki.

Atauliza muulizaji: mbona Nabii Yusuf (a.s.) aliomba mwenyewe asimamie hazina za Misri? Wanazuoni wamejibu kwamba Yusuf aliiona njaa inakuja, na alijua kwamba anayo elimu ya kuikabili. Tena tuzitazame sifa alizozitaja. Hakutaja nasaba yake wala uzuri wake. Alitaja kwamba ni mlinzi na ni mjuzi. Na kabla ya hapo alikuwa ameshajulikana ndani ya gereza kwa wema wake kwa wafungwa wenzake.

Hata kuulizwa maswali si dharau. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal Yemen alimuuliza atahukumu kwa nini. Wanazuoni wa hadithi wameizungumzia sanadi ya habari hiyo, lakini mafakihi wameitumia kwa karne nyingi. Ikiwa Muadh aliulizwa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni nani asiulizwe?

Tulivyokosea sisi

Hatusemi haya kama watu tuliosalimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, tukiwa wanafunzi wa chuo, tuliomba kwa ulimi wetu wenyewe tupewe uhazini wa jumuiya moja ya wanafunzi. Tulitoka madrasa, mlango wa amana katika fiqhi tuliusoma mwanzo mpaka mwisho. Wenzetu wakatupa.

Mwezi wa Ramadhani ukaja, na michango ya futari ikaanza kuingia. Tuliiweka katika mkoba mmoja na fedha zetu za kujikimu, tukitegemea kumbukumbu ya kichwa. Ilipofika katikati ya mwezi hesabu haikulingana. Hatukuiba, lakini hatukuwa na risiti wala daftari la kuonyesha kwamba hatukuiba. Tuliuza redio yetu tukalipa pengo lote, na bado wapo waliotutazama kwa jicho jingine mpaka tulipomaliza masomo. Hatukuwalaumu. Laiti mtu mmoja angetuuliza siku ile tulipoomba, "Umewahi kutunza kitu cha watu?", tungepona na fedheha ile.

Kwa hiyo tulipolisikia swali hilo katika simulizi ya kijana wa Amani, tuliwaombea dua wale watano.

Jumuiya ni chuo ndani ya chuo

Wazazi wengine husema, "Mtoto amekwenda kusoma, jumuiya za nini?" Historia ya nchi yetu ina jibu lenye pande mbili. Chuo Kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilianza Dar es Salaam Oktoba 1961 kikiwa na kitivo cha sheria peke yake, kisha kikahamia Mlimani. Mwaka 1967 wanafunzi wa pale waliunda umoja uliofahamika kwa kifupi kama USARF, na mwenyekiti wake akawa Yoweri Museveni, kijana wa Uganda aliyeanza masomo mwaka huo huo. Walikuwa na madarasa yao ya Jumapili nje ya ratiba ya chuo. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida la Cheche, na miongoni mwa wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mwaka 1970 serikali ikavipiga marufuku vyote viwili, jarida na umoja wenyewe. Lakini Museveni akawa Rais wa Uganda mwaka 1986, Hirji akawa profesa wa takwimu za tiba, na Bibi Zakia Meghji akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania mwaka 2006. Hapa hatuzungumzii siasa zao. Tunachosema ni kwamba waliyojifunza katika umoja wa wanafunzi, kama kuandika, kujenga hoja na kubeba lawama, hayakuishia chuoni.

Ng'ambo nako ni hivyo hivyo. Januari 1963 wanafunzi wa Kiislamu wa mataifa mbalimbali walikutana katika Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana, nchini Marekani, wakaunda jumuiya yao. Leo matawi yenye jina hilo yamo katika vyuo vingi vya Amerika Kaskazini.

Upande wa pili nao ni wa kweli. Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Wengi waliruhusiwa kurudi baadaye, lakini fikiria wazazi wao siku mabasi yalipowashusha makwao. Hofu ya mzee wetu wa Amani kwa hiyo haikuwa ya kijinga. Kundi humpandisha mtu na kundi humwangusha, na kijana anayelifuata bila kulijua hawezi kuchagua lipi limpate.

Yampasayo mzazi

Kwa sababu hiyo hatuwashauri wazazi wakataze, wala hatuwashauri wanyamaze. Tunawashauri waulize. Kijana akisema anataka kujiunga na jumuiya yoyote, iwe ya dini, ya taaluma au ya kijiji alikotoka, aulizwe mambo manne.

Kwanza, viongozi wake wanapatikanaje, na wakikosea nani huwauliza? Pili, fedha zake huandikwa wapi, na je, mwanachama wa kawaida anaruhusiwa kuliona daftari? Tatu, itamchukulia saa ngapi kwa wiki, na saa hizo zinatoka wapi katika ratiba ya masomo? Nne, je, inamtaka awafiche wazazi wake au walimu wake jambo lolote? Jibu la swali hili la mwisho likiwa ndiyo, basi hapo mzazi akataze bila kusita.

Na kijana akiomba akakosa, mzazi asikimbilie kusema amedhulumiwa, wala asimwambie arudi ndani afunge mlango. Amuulize kwanza: "Walikuuliza nini, nawe ulijibu nini?" Mara nyingi somo lenyewe limo katika majibu hayo.

Tulimjibu mzee wetu kwa maneno machache. Tulimwambia ampigie mwanawe, asimtajie kamati wala fomu, bali amuulize kama leo ameswali na wenzake. Mzee alifanya hivyo. Baada ya siku chache kijana alirudi msikitini. Alituambia kwamba mmoja wa wale watano alimwona mlangoni, akamsalimu, akamsogezea nafasi katika safu. Hakuna aliyecheka.

Mpaka tunaandika makala hii kamati ya elimu haijamwita. Lakini kila Alhamisi jioni hukaa na mwenzake mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye hakubahatika kusoma madrasa utotoni, akimfundisha herufi moja baada ya nyingine. Ratiba yake ya vipindi sasa ameibandika ukutani juu ya kitanda. Na ule msahafu wanaousomea ni wa msikiti. Huuazima kwa kuandika jina lake daftarini, na huurudisha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awalinde vijana wetu popote walipo, awakutanishe na watu wa kheri, na atujaalie sisi wazazi hekima ya kujua lini tuulize na lini tukataze. Amin. Wabillahi tawfiq.