Chakula cha Mwendesha Baiskeli wa Masafa Marefu: Somo Kutoka Barabara ya Arusha na Moshi

Mtu aondokaye Arusha kwa baiskeli asubuhi kuelekea Moshi huanza safari yake kwa raha. Mji wa Arusha umekaa chini ya Mlima Meru, kwenye mwinuko wa meta 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambapo Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro uko kwenye mwinuko wa meta 894 tu. Kwa hiyo, kupitia Tengeru, Usa River na Kikatiti, barabara huteremka kwa jumla, na hewa ya asubuhi ni ya baridi. Lakini mtu huyo akigeuza Moshi ili arudi siku iyo hiyo, atakuwa amekwisha kwenda kilomita 80, jua limepanda, na mteremko wa asubuhi umegeuka kuwa mlima.

Hapo ndipo wengi huishiwa. Miguu huwa mizito, mikono hutetemeka, kichwa huzunguka, na mtu aliyekuwa hodari saa chache zilizopita hushuka akakaa chini ya mti. Wenzake huweza kudhani kuwa ni mvivu au hakufanya mazoezi ya kutosha. Aghalabu sababu ni nyingine: ghala la nguvu mwilini mwake limekwisha. Jambo hili si la mashindano tu. Barabara hiyo hupitiwa na mabasi na malori mengi, na mwendeshaji ambaye ubongo wake umekosa sukari hawezi kupima vema mwendo wa gari linalomjia nyuma. Katika makala haya tutaeleza ghala hilo ni nini, na jinsi ya kulijaza kwa vyakula vinavyopatikana katika soko lolote la Arusha.

Ghala la nguvu mwilini

Misuli hupata nguvu zake hasa kutokana na mafuta na kabohidrati, yaani wanga na sukari. Gramu moja ya mafuta hutoa kilojuli 37 hivi, na gramu moja ya kabohidrati hutoa kilojuli 17 hivi. Hata mtu mwembamba ana kilo kadhaa za mafuta mwilini, akiba ambayo haiwezi kumalizika kwa safari ya siku moja. Lakini mafuta huunguzwa polepole. Mtu anapokanyaga pedali kwa nguvu, hasa mlimani, misuli hudai kabohidrati.

Kabohidrati huwekwa akiba mwilini kwa umbo la glaikojeni. Mtu mzima aliyekula vizuri huwa na gramu 400 hivi katika misuli yote na gramu 100 hivi katika ini. Jumla ni gramu 500, yaani kilojuli 8,500. Mwendeshaji aendaye kilomita 25 kwa saa penye tambarare hutumia takriban kilojuli 2,000 hadi 2,500 kwa saa, na katika mashindano hutumia zaidi.

Mwanafunzi atakayegawanya tarakimu hizo ataona kuwa akiba ingetosha kwa saa tatu au nne, na zaidi kwa kuwa mafuta nayo husaidia. Lakini kuna kizuizi. Msuli hauna kimeng'enya cha kuigeuza glaikojeni yake kuwa glukosi iwezayo kuingia katika damu. Kwa sababu hiyo glaikojeni iliyo katika mikono haiwezi kwenda kuisaidia miguu. Ni ini peke yake litoalo glukosi kwa ajili ya mwili mzima, na ubongo hutegemea akiba hiyo ndogo. Ndiyo maana mtu anayekwenda kwa kasi bila kula huanza kuishiwa baada ya saa mbili au tatu hivi.

Yaliyogunduliwa maabarani

Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walieleza jaribio walilofanya juu ya miili yao wenyewe. Walikaa kwenye baiskeli moja ya maabara, kila mmoja upande wake, wakakanyaga pedali kwa mguu mmoja mmoja mpaka wakachoka kabisa. Kisha, kwa sindano maalumu, walichota vipande vidogo vya msuli. Mguu uliofanya kazi ulikuwa karibu hauna glaikojeni, hali mguu uliopumzika ulikuwa nayo. Baada ya kula chakula chenye kabohidrati nyingi kwa siku tatu, mguu ule uliochoka ulikuwa umejaza akiba hata kuuzidi mguu uliopumzika takriban mara mbili.

Mwaka uliofuata, Bergström, Hultman na wenzao waliwapa watu vyakula vya namna tatu, kisha wakawaendesha baiskeli mpaka wakashindwa. Waliokula mafuta na protini walidumu karibu saa moja, waliokula chakula cha mchanganyiko karibu saa mbili, na waliokula kabohidrati nyingi karibu saa tatu. Kilichobadilishwa kilikuwa chakula cha siku chache tu.

Siku moja kabla, na asubuhi ya safari

Wengi huamini kuwa nyama ndiyo iletayo nguvu, na nyama choma ya Arusha ina sifa yake. Nyama hujenga na kukarabati misuli, lakini haiijazi ghala la glaikojeni, na mafuta yake hukawia tumboni. Kwa hiyo jioni ya kuamkia safari, sehemu kubwa ya sahani iwe wali, ugali, viazi au ndizi za kupika, na nyama iwe kidogo. Mtori, wenye ndizi nyingi na nyama kiasi, unafaa sana. Loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando wanachokijua vema Waarusha na Wameru, pia inafaa kwa aliyeizoea. Makande ni chakula bora, lakini maharage huleta gesi tumboni. Afadhali yaliwe siku nyingine.

Wakati wa usingizi ubongo huendelea kutumia glukosi, na asubuhi ini huwa limepungukiwa sana. Kazi ya kifungua kinywa ni kulijaza tena. Atakayeondoka saa 1 asubuhi na ale saa 11 alfajiri: uji wenye sukari, mkate, ndizi mbivu na chai. Kwa mtu wa kilo 60, gramu 60 hadi 120 za kabohidrati zinatosha. Mandazi na chapati zenye mafuta mengi zisizidi. Tena, siku ya safari si siku ya kujaribu chakula kigeni.

Njiani

Kanuni kuu ni kula kabla ya njaa. Mtu akingoja mpaka aishiwe, chakula kitachukua muda kupita tumboni na kufika katika damu, na miguu haitamngoja. Aanze kula katika nusu saa ya kwanza au ya pili, kisha aendelee kidogo kidogo. Katika safari ya saa kadhaa, gramu 30 hadi 60 za kabohidrati kwa kila saa zinatosha watu wengi. Utumbo una kikomo cha kusharabu glukosi, nacho ni gramu 60 hivi kwa saa. Fruktosi hupitia njia nyingine, ndiyo maana wanamashindano waliozoea, wanaochanganya sukari hizo mbili, huweza kufikia gramu 90.

Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25 hivi za kabohidrati, pamoja na glukosi na fruktosi, nayo imefungwa na maumbile katika ganda lake. Viazi vitamu vya kuchemsha na mkate uliopakwa asali au jemu navyo vinafaa.

Tufanye hesabu ya mlima wa kurudi. Mwendeshaji na baiskeli yake wana kilo 80, nao wanapanda meta 500. Kazi ni 80 × 9.8 × 500, yaani kilojuli 392. Lakini mwili hugeuza robo tu hivi ya nguvu za chakula kuwa kazi, na sehemu iliyobaki huwa joto. Kwa hiyo zinahitajika kilojuli 1,568, sawa na gramu 92 za kabohidrati, yaani chini ya ndizi nne. Hapo hatujahesabu upinzani wa hewa na msuguano wa magurudumu.

Maji na chumvi

Baridi ya Arusha huficha jasho, lakini katika tambarare za chini joto na upepo mkavu hulidhihirisha. Nusu lita hivi kwa saa ni kiasi cha kuanzia, kwa kuongeza au kupunguza kulingana na kiu na jua. Kinywaji kizuri hutengenezwa nyumbani: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, gramu 60 za sukari (vijiko vya chai 15 vya mfuto), na robo kijiko cha chai cha chumvi. Nusu lita ya kinywaji hicho na ndizi moja hutoa gramu 55, chakula kamili cha saa moja.

Kunywa maji mengi kupita kiasi nako ni hatari, kwa kuwa huizimua chumvi ya damu. Mtu ajipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Aliyeongezeka uzito amekunywa mno. Mwenye ugonjwa wa kisukari asifuate vipimo hivi bila ushauri wa daktari.

Zoezi kwa darasa

Chukueni ndizi tatu za aina moja: mbichi, inayoanza kuiva, na iliyoiva kabisa. Kateni kipande cha kila moja na kudondoshea matone ya iodini. Ndizi mbichi itageuka rangi ya buluu nyeusi kwa sababu ya wanga. Iliyoiva itabadilika kidogo tu, kwani wanga umegeuka sukari. Kisha mjibu: ni ndizi ipi inafaa kupikwa jioni ya kuamkia safari, na ni ipi inafaa kutiwa mfukoni? Atakayeweza kueleza sababu ya jibu lake ameelewa jambo litakalomfikisha Arusha salama wakati wenzake wamekaa chini ya mti.