Jodari wapita, sisi twatazama

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne hapa Kiembeni anaweza kukueleza bila kusitasita kwa nini Japani imetutangulia katika uvuvi. Atakutajia mikondo ya Kuroshio na Oyashio, pwani iliyojaa ghuba, na wingi wa watu wasio na ardhi ya kutosha kulima. Kisha ataigeukia Kenya: pwani iliyonyooka, ukanda mwembamba wa maji ya kina kifupi, maji ya joto yasiyo na chakula kingi cha samaki. Jibu hilo humpatia alama zake zote. Jioni, atokapo shuleni, hupita kwa mama karanga akanunua tafi wawili wasiotimia kiganja.

Sina ugomvi na jibu hilo. Ni la kweli. Ila huufanya unyonge wa uvuvi wetu uonekane kuwa kazi ya maumbile, ilhali sehemu kubwa ni kazi ya mikono yetu.

Tulitazame kwanza Ziwa Victoria. Mbuta alitiwa ziwani humo kuanzia miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amezagaa kote, akiwameza fulu hata aina zao nyingi zikatoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa Kisumu na kwingineko. Minofu ikaenda Ulaya. Wenyeji wakaachiwa mifupa, wakaikaanga na kuiita "mgongo wazi". Jina lenyewe ni ushahidi tosha. Mwishoni mwa 1997, kwa hofu ya kipindupindu, Ulaya ikafunga mlango. Mwaka wa 1999 ikaufunga tena kwa kuwa walikuwapo wavuvi waliotumia sumu. Ulipofunguliwa, ziwa halikuwa lile tena. Mitumbwi ilikuwa imeongezeka na nyavu za macho madogo zimeenea, mbuta wakubwa wakaadimika, na viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Ikumbukwe kwamba Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hilo, nalo ndilo lililotupa, kwa miaka mingi, karibu samaki tisa katika kila kumi tuliovua.

Na bahari je? Mwaka wa 1979 Kenya ilitangaza mamlaka yake ya kiuchumi hadi maili 200 za baharini. Mwaka uo huo ikaasisiwa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, makao yake makuu Mombasa. Msomaji wa tarehe hizo angedhani taifa lilikuwa likijiandaa kuvua. Lililofuata ni kuuza leseni. Meli za Hispania, Ufaransa na mataifa ya Asia ziliwafuata jodari, nyingi zikateremsha shehena zake Ushelisheli, nchi ya watu wapatao laki moja, yenye kiwanda kikubwa cha kutia jodari mikebeni. Mombasa nayo iliwahi kuwachonga jodari minofu kwa ajili ya Ulaya, lakini kwa kutegemea meli za wengine. Maharamia wa Kisomali walipozitisha meli hizo, wakaiteka Alakrana ya Kihispania Oktoba 2009, wavuvi wa Malindi walisema samaki wamerudi. Nadhani kisa hicho chafaa kujadiliwa darasani kuliko mkondo wa Oyashio.

Mvuvi wetu hana pa kwenda. Dau lisilo na injini ni hatari nje ya mwamba, hasa wakati wa kusi, basi hubaki ndani akigombea changu wale wale na wenzake wanaozidi kuongezeka. Chombo na nyavu mara nyingi ni mali ya tajiri, ambaye humkopesha mvuvi kisha akanunua samaki wake kwa bei aitakayo yeye. Pasipo barafu, mvuvi hawezi kungojea bei nzuri, samaki hawangoji. Huko Ghuba ya Ungwana, meli za kukokota nyavu za kamba zilirarua nyavu za wenyeji na kutupa samaki wengi wadogo, hadi zilipopigwa marufuku 2006. Miaka michache baadaye zikaruhusiwa tena, kwa masharti.

Itasemwa kwamba dawa ni kununua meli kubwa zetu wenyewe. Siafiki upesi hivyo. Wakanada walikuwa na meli, barafu na wataalamu, na bado mwaka wa 1992 walilazimika kufunga uvuvi wa chewa wa bahari baridi huko Newfoundland, maelfu ya watu wakapoteza kazi. Mimi ningeanza na barafu kwenye kila bandari ndogo ya wavuvi, kisha vyombo vya kadiri vyenye injini, vinavyomilikiwa na vyama vya wavuvi wenyewe badala ya tajiri.

Walimu wa jiografia wa Kisauni wana bahati, kwani ufuo wa Bamburi ni mwendo mfupi wa matatu. Wawapeleke wanafunzi asubuhi madau yanaporudi, wamwulize mvuvi chombo ni cha nani, anadaiwa kiasi gani, na bei ya leo imepangwa na nani. Majibu hayo wayaandike daftarini, kando ya yale ya Japani.