Wamarekani wa Meksiko: Wana kura walikotoka, hawana sauti waliko

Na Mwandishi Wetu

KANDO ya Ziwa Chapala, ambalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya Meksiko, upo mji wa Ajijic ambako kwa miongo kadhaa wastaafu kutoka Marekani na Kanada wamekuwa wakihamia kufuata hali ya hewa isiyo na baridi kali na maisha ya gharama nafuu. Hali ni kama hiyo katika San Miguel de Allende, mji wa kale wa jimbo la Guanajuato.

Swali ambalo wengi hujiuliza ni hili: mtu aliyekwisha kuuza nyumba yake Texas au Ohio, akaamua kuzeekea ugenini, siasa za Washington zinamhusu nini?

Zinamhusu sana, tena kwa namna inayogusa mfuko wake na afya yake. Isitoshe, katika nchi anayoishi, Katiba inamkataza kujishughulisha na siasa nyingine yoyote.

Kwanza, idadi yao. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imekuwa ikikadiria kuwa raia wake waishio Meksiko ni zaidi ya milioni 1.5. Sensa ya Meksiko ya mwaka 2020, kwa upande wake, ilihesabu watu wapatao 800,000 waliozaliwa Marekani, na wengi wao ni watoto na vijana wa familia za Kimeksiko zilizorejea nyumbani. Kwa hiyo mzee wa Ajijic anayepigwa picha na magazeti ni sehemu ndogo tu ya kundi hilo, ingawa ndiye anayeonekana zaidi.

Uhamiaji huu si wa jana. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wastaafu wa Marekani walikwenda San Miguel kusomea sanaa kwa fedha walizolipiwa na serikali yao. Miaka ya 1950 walifuata waandishi wa filamu waliokimbia msako wa Wakomunisti huko Hollywood, akiwamo Dalton Trumbo, aliyeendelea kuandika akiwa Meksiko kwa majina ya kubuni. Hao hawakufuata jua wala bei nafuu, bali walifukuzwa na siasa.

Kifungu cha 33

Huko walikokimbilia, siasa nazo hazikuwa huru kwa mgeni. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Meksiko ya mwaka 1917 kinamkataza mgeni kujiingiza kwa namna yoyote katika mambo ya kisiasa ya nchi hiyo. Hadi yalipofanyika marekebisho ya mwaka 2011, Rais aliweza kumfukuza mgeni bila hata kumsikiliza. Sasa ni lazima asikilizwe kwanza, lakini katazo lenyewe limebaki.

Aliyeuonja ukali wa hali hiyo kwa pande zote mbili ni msanii Elizabeth Catlett. Alizaliwa Washington mwaka 1915, mjukuu wa watu waliowahi kuwa watumwa, na alifika Meksiko mwaka 1946 kwa ufadhili wa masomo. Alijiunga na karakana ya wachoraji iliyojulikana kama Taller de Gráfica Popular, akaolewa na mchoraji Francisco Mora, akakaa.

Kazi zake nyingi zilihusu wanawake weusi wa Marekani. Aliishi Meksiko, lakini macho yake hayakuondoka nyumbani.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa vuguvugu la mgomo wa wafanyakazi wa reli, alikamatwa na vyombo vya dola vya Meksiko akidaiwa kuwa mgeni mchochezi. Mwaka 1962 alichukua uraia wa Meksiko. Marekani nayo ikamhesabu kuwa mgeni asiyetakiwa na kumfungia mlango.

Mwaka 1970 alinyimwa viza ya kuhudhuria mkutano wa wasanii weusi huko Evanston, Illinois. Hakunyamaza. Alitoa hotuba yake kwa simu kutoka Meksiko. Aliruhusiwa kuingia tena mwaka 1971, maonyesho ya kazi zake yalipofanyika Harlem.

Kodi inayomfuata mtu

Wengi wa wanaohamia sasa hawana mikasa ya aina hiyo. Kinachowafunga na Washington ni mambo ya kawaida kabisa, la kwanza likiwa kodi.

Marekani ni miongoni mwa nchi chache mno duniani, pamoja na Eritrea, zinazomtoza raia kodi ya mapato popote aishipo. Msingi wa jambo hilo ulithibitishwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1924 katika kesi ambayo, kwa bahati, ilimhusu Mmarekani wa Meksiko. Mlalamikaji, aliyeitwa Cook, alikuwa mkazi wa Mexico City na mapato yake yalitokana na mali iliyokuwa huko huko. Alidaiwa dola 1,193, akapinga, akashindwa. Majaji walisema serikali inamlinda raia wake popote alipo, na hivyo ina haki ya kumtoza.

Kwa kweli si wote wanaolipa, kwani sheria inasamehe sehemu kubwa ya mshahara unaopatikana nje, na kodi iliyolipwa Meksiko hupunguzwa katika hesabu. Lakini fomu ni lazima zijazwe. Aidha, mwenye akaunti za benki za nje ambazo kwa jumla zimewahi kuzidi dola 10,000 ndani ya mwaka hutakiwa kuziripoti, na sheria ya mwaka 2010 ijulikanayo kama FATCA inazitaka benki zenyewe zitoe taarifa za wateja wao Wamarekani.

Oktoba 2024, akiwa mgombea, Donald Trump aliahidi kuwaondolea Wamarekani wa ughaibuni alichokiita kutozwa kodi mara mbili. Sheria kubwa ya kodi aliyoisaini Julai 4, 2025 haikuufuta utaratibu huo. Kilichomo ni tozo ya asilimia moja kwa fedha taslimu zinazotumwa nje ya Marekani kuanzia mwaka 2026, tozo inayomgusa zaidi kibarua wa Kimeksiko aliyeko Chicago anayemtumia mama yake fedha za matumizi.

La pili ni pensheni na matibabu. Mafao ya uzeeni hulipwa hata kwa anayeishi Meksiko, lakini bima ya afya ya wazee, Medicare, haigharimii matibabu nje ya Marekani isipokuwa katika mazingira machache sana. Anayeumwa hulipa mwenyewe, hukata bima ya huko, au hupanda ndege kurudi.

Halafu ipo thamani ya fedha. Machi 2020 dola moja ilikaribia peso 25, lakini Julai 2023 ilishuka chini ya peso 17. Mstaafu wa dola 1,500 kwa mwezi aliyekuwa akipata karibu peso 37,500 alijikuta na peso zipatazo 25,000, ilhali kodi ya nyumba haikushuka. Ndiyo maana mjadala wa bajeti mjini Washington husikilizwa Ajijic kwa makini kuliko inavyodhaniwa.

Kura kwa njia ya posta

Haki yao ya kupiga kura inalindwa na sheria ya mwaka 1986. Tofauti na Wakenya wa ughaibuni, ambao tangu mwaka 2013 wamekuwa wakimpigia kura rais katika vituo vilivyowekwa kwenye baadhi ya nchi, Mmarekani hana kituo cha serikali ubalozini. Hutuma fomu kwa ofisi ya uchaguzi ya kaunti alikoishi mara ya mwisho kabla ya kuhama, na marekebisho ya mwaka 2009 yanaitaka ofisi hiyo impelekee karatasi ya kura walau siku 45 kabla ya uchaguzi wa kitaifa. Majimbo mengine hukubali irejeshwe kwa barua pepe, mengine hutaka posta tu.

Wanaojitaabisha ni wachache. Makadirio ya serikali ya Marekani kwa uchaguzi wa mwaka 2020 yanaonyesha kuwa waliopiga kura hawakufika mmoja kati ya kila raia kumi wenye sifa waishio ng'ambo.

Hata hivyo, uchache huo unaweza kuamua mengi. Mwaka 2000 huko Florida, George W. Bush alikuwa akiongoza kwa kura 300. Zilipohesabiwa kura za ng'ambo, nyingi zikiwa za wanajeshi, uongozi wake ulifika kura 930. Matokeo ya mwisho yalimpa ushindi wa kura 537, na kwa hizo akapata urais.

Tangu hapo kura hizo zimekuwa uwanja wa ugomvi. Katika uchaguzi wa jaji wa Mahakama ya Juu ya North Carolina mwaka 2024, Allison Riggs wa Democratic alimshinda Jefferson Griffin wa Republican kwa kura 734 kati ya zaidi ya milioni tano. Griffin alipinga kura zaidi ya 60,000, zikiwamo za watu walio nje ya nchi. Ilimlazimu Riggs kusubiri hadi Mei 2025, jaji wa shirikisho alipoamua kuwa kura zilizopigwa kwa kufuata kanuni za wakati huo haziwezi kufutwa baadaye.

Mgeni wa nani?

Si sahihi kudhani kuwa Wamarekani hao wote wana msimamo mmoja. Vyama vyote viwili vina wafuasi wao huko. Democrats Abroad, iliyoanzishwa mwaka 1964, hupeleka wajumbe katika mkutano mkuu wa chama kana kwamba ni jimbo, na katika kura zake za awali za dunia nzima za mwaka 2016 na 2020 mshindi alikuwa Bernie Sanders.

Penye ugumu ni suala la uhamiaji. Anayeunga mkono ukuta mpakani na anayeupinga, wote wawili wanaishi Meksiko kwa kibali cha ukaazi. Kiswahili kingewaita wahamiaji tu. Wao wenyewe mara nyingi hujiita kwa neno jingine, lenye heshima kidogo.

Julai 4, 2025 wenyeji wa Mexico City waliandamana katika mitaa ya Roma na Condesa kupinga kupanda kwa kodi za nyumba, wakiwalaumu wageni wenye dola. Baadhi walivunja vioo vya maduka na kuwataka Wamarekani waondoke. Rais Claudia Sheinbaum alilaani chuki hiyo dhidi ya wageni, ingawa alikiri kuwa tatizo la nyumba lipo. Wakosoaji walimkumbusha kuwa Oktoba 2022, akiongoza jiji hilo, yeye ndiye aliyetia saini makubaliano na kampuni ya Airbnb ya kuwavutia wageni wanaofanya kazi kwa mtandao.

Katika mjadala huo Mmarekani wa Roma ni mhusika mkuu asiye na ruhusa ya kuingilia siasa. Njia iliyopo ni kuomba uraia, ambao kwa kawaida huhitaji ukaazi wa miaka mitano na kukijua Kihispania. Marekani haimvui uraia mtu kwa kuapa kwingine tu, isipokuwa mwenyewe akusudie kuuacha. Hayo yanatokana na hukumu ya Mahakama Kuu yao ya mwaka 1967 katika kesi ya Afroyim.

Catlett aliapa miaka mitano kabla ya hukumu hiyo. Uraia wake wa Marekani alirudishiwa mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 87. Alifariki dunia Cuernavaca, Meksiko, mwaka 2012.