Nyama, Mboga na Kitoweo: Chanzo cha Kutoelewana Mezani

Makusudi ya makala haya ni kuchunguza maneno matatu ya mezani, yaani nyama, mboga na kitoweo, na kueleza kwa nini mtu asiyekula nyama hupata taabu ya kueleweka anapoagiza chakula katika mikahawa yetu. Aghalabu taabu hiyo hudhaniwa kuwa imetokana na uzembe wa wahudumu. Rai yetu ni kwamba asili yake imo katika lugha yenyewe, na kwamba sisi tunaoifundisha tuna fungu letu la lawama.

Tuanze kwa kisa. Mwaka mmoja nilimpokea mgeni, mwalimu wa isimu kutoka Bara Hindi, mfuasi wa dini ya Kijaini. Dini hiyo inakataza kudhuru kiumbe chenye uhai, na wafuasi wake hawali nyama, ndege, samaki wala mayai. Adhuhuri nikampeleka mkahawani, nami nikawa mkalimani wake. Nilimwambia mhudumu, "Mgeni wetu huyu hali nyama." Akajibu kwa adabu, "Hapana neno, mwalimu. Kuku yupo na samaki yupo." Nikasema, "Hao pia hawali. Mletee mboga." Akaleta wali na sukumawiki. Mgeni alikuwa amekwisha kula nusu ya sahani alipouliza mboga hiyo imetiwa nini hata ikawa tamu vile. Mhudumu akafurahi kusifiwa, akaeleza kwamba ilipikwa kwa supu ya mifupa. Mgeni akaweka kijiko chini, asiseme neno. Sharti hilo alikuwa hajalivunja tangu utoto wake.

Nilimtaka radhi, lakini jambo hilo halikunitoka moyoni. Kila neno alilolisema mhudumu yule lilikuwa sahihi kwa Kiswahili. Aliyekosea ni mkalimani, ambaye kazi yake ni kufundisha Kiswahili.

Tulitazame kwanza neno nyama. Neno hili ni la asili ya Kibantu, na katika lugha nyingi za jamii hiyo lina maana mbili, kiumbe chenyewe na kile kinacholiwa. Katika Kiswahili cha Kongo maana zote mbili zingali zinabebwa na umbo hilo moja. Kiswahili sanifu kimezitenga kwa ngeli: mnyama ni kiumbe, nyama ni chakula. Hata hivyo uhusiano wa maana haukukatika. Katika usemi wa kila siku twasema "wanyama, ndege na samaki", kana kwamba ni makundi matatu yasiyoingiliana. Maadamu kuku ni ndege, si mnyama, basi alicho nacho kuku si nyama kwa maana ya kwanza ya neno hilo.

Sarufi nayo yashuhudia hayo. Ng'ombe akishachinjwa na kupikwa hupoteza jina lake na ngeli yake, tukasema "nyama hii ni laini". Kuku na samaki hubaki na jina lao na upatanisho wao wa viumbe hai hata wakiwa sahanini: "samaki huyu amekolea chumvi", "kuku huyu ameiva". Orodha za vyakula zinazobandikwa ukutani zatoa ushahidi ule ule. Mteja husoma "ugali nyama, ugali kuku, ugali samaki, ugali matumbo, ugali mboga". Hata matumbo, ambayo ni ya ng'ombe yule yule, yana mahali pake mbali na nyama. Asemaye "sili nyama" amefuta mstari mmoja tu wa orodha hiyo.

Fauka ya hayo, nyama mezani ni vipande. Mtu akiagiza pilau bila nyama, mpakuaji huviondoa vipande na kumpa wali, ilhali mchele wenyewe ulikwisha kunywa mchuzi wa nyama tangu ulipokuwa jikoni. Mpakuaji hakudanganya, kwani nyama haipo sahanini.

Jambo la pili ni kanusho. Kiswahili kina kiambishi hu- cha mazoea, kama katika "yeye hula nyama", lakini kiambishi hicho hakina umbo lake la kukanusha. "Anakula nyama" na "hula nyama" zote mbili hukanushwa kwa "hali nyama". Basi mhudumu anayesikia "sili nyama" hana njia ya kujua kwa sarufi pekee kama mteja amejinyima maisha yake yote au hataki nyama mchana huo. Naye hutafuta sababu katika maisha anayoyajua, na sababu iliyo karibu ni upungufu wa fedha, kwa kuwa nyama ndiyo ya bei kubwa. Hivyo basi, kwa wema wake, humwongezea mteja mchuzi kidogo bila malipo.

Neno la tatu ni mboga. Nchini Kenya neno hili huleta akilini majani na mazao ya bustani. Katika sehemu nyingi za Tanzania bara, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali, na mtu akiuliza, "Leo mboga ni nini?" aweza kujibiwa, "Samaki." Kitoweo ni vivyo hivyo. Neno hilo limetokana na kitenzi towea, na lataja kazi ya chakula pale sahanini, si asili yake. Mgeni aliyejifunza Kiswahili Nairobi akienda Mwanza na kuomba "mboga tu" asishangae akiletewa dagaa.

Isidhaniwe kwamba hii ni kasoro ya Kiswahili peke yake. Kanisa Katoliki huzuia nyama siku za Ijumaa za Kwaresima na kuruhusu samaki. Nchini Hispania, aombaye chakula kisicho na nyama aweza kuletewa chenye vipande vya paja la nguruwe lililokaushwa. Mafakihi wa Kiislamu nao walilijadili jambo hili zamani. Qurani, katika Sura ya An-Nahl, inamtaja samaki wa baharini kwa neno la Kiarabu lenye maana ya nyama. Hata hivyo, katika madhehebu ya Hanafi ilisemwa kwamba aliyeapa kutokula nyama kisha akala samaki hakuvunja kiapo, kwa kuwa viapo hufuata ada ya usemaji wa watu.

Waingereza wenyewe walihitaji mapatano. Chama chao cha wasiokula nyama kiliundwa mwaka 1847, na mwaka 1944 Donald Watson na wenzake wakalazimika kubuni neno jingine kwa ajili ya wale wasiotumia hata maziwa na mayai. Kwetu wengi hutafsiri kwa "mla mboga", lakini istilahi hiyo haitoshi. Kila mtu hula mboga, na neno lenyewe halitaji kinachoepukwa.

Lugha yetu haikukosa njia. Tunalo neno mwiko, ambalo watu wa Afrika Mashariki hulielewa vizuri. Wamasai kwa mila hawakula samaki wala wanyama wa porini, na hapana aliyewashuku ufukara. Asikiaye "ni mwiko kwake" hujua kwamba si jambo la leo, wala haongezi mchuzi.

Twapendekeza, basi, kwamba kamusi zieleze mipaka ya nyama na tofauti za mboga baina ya nchi na nchi, na kwamba vitabu vya kufundishia wageni visiishie katika "nataka wali na nyama", bali vifundishe kuuliza habari za sufuria.

Mgeni wangu, kabla hajasafiri kwenda Mombasa, aliniomba nimwandikie maneno ya kumwonyesha mhudumu. Nilimwandikia hivi: "Sili mnyama, ndege, samaki wala mayai, wala mchuzi, supu au mafuta yao. Ni mwiko kwangu. Tafadhali niambie mboga hii imepikwa pamoja na nini." Aliporudi aliniarifu kwamba alikula mbaazi za nazi kwa mahamri siku tatu mfululizo, na kwamba kila alipokionyesha kikaratasi hicho, mhudumu alikwenda kwanza jikoni kuuliza.